Mfuniko Juu ya Kipimo cha Mvua

Hafidhi, mtabiri wa hali ya hewa, alipanda mlimani kubadilisha betri ya kipimo cha mvua kilichosimikwa uani kwa Bi Raya. Alipofika uani akasimama ghafla. Mdomo wa kipimo ulikuwa umefunikwa kwa mfuniko wa sufuria, na juu ya mfuniko kulikuwa na jiwe.

"Nani kaweka huu?"

"Mimi, mwanangu," alijibu Bi Raya kwa fahari. "Bwana afya alituambia tufunike kila kinachotuamisha maji, mbu wasizaliane."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

Hafidhi alitazama viatu vyake vilivyojaa tope. "Kumbe tope hili si la mvua ya jana tu?"

"Ya jana? Wiki nzima hatujaanika nguo!"

Wiki nzima kipimo hicho kilikuwa kikituma sifuri ofisini, na kwa sifuri hizo Hafidhi mwenyewe ndiye aliyeandika tangazo ambalo tangu alfajiri lilikuwa likirudiwa redioni, ndani ya nyumba: mto hautafurika, wakazi wa bondeni warudi makwao.

"Afadhali," alisema Bi Raya. "Binti yangu na wanawe wamesharudi bondeni tangu asubuhi."

Hafidhi aliinua mfuniko kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akapiga simu ofisini. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Bi Raya, ambaye sasa alikuwa ameacha kutabasamu, alimtazama usoni.

Tone la kwanza likagonga mfuniko. Likafuata la pili, kisha hayakuhesabika tena.