Wadhamini Wawili

Ilitokea, na bado inatokea. Chama cha Wanyama Wote kilikuwa na wanachama wawili tu: Nungunungu, mwenyekiti, na Kenge, katibu wake. Swala akaja na ukoo mzima kuomba kadi.

“Mwombaji hudhaminiwa na wanachama wawili,” alisema Nungunungu, “na sisi hatuwafahamu.”

Kumbe alikuwa akiogopa kura zao. Swala na jamaa zake wakaenda zao.

Wiki iliyofuata mchwa walikula kadi ya Nungunungu, akamwomba Kenge nyingine.

“Asiye na kadi si mwanachama, mheshimiwa. Jaza fomu, ulete wadhamini wawili.”

“Umebaki peke yako. Wa pili nimtoe wapi?”

“Kanuni ulitunga wewe.”

Alasiri hiyo Kenge aliitisha mkutano mkuu, akahudhuria peke yake, akachaguliwa mwenyekiti bila kupingwa.