Mnyamwezi Anabebwa

Tangu Afrika iwe nchi moja, hakuna anayeruhusiwa kutaja kabila. Sikatai, tumefaidika: treni inatoka Kigoma hadi Dakar bila mtu kuulizwa pasipoti, na mdogo wangu ana kazi nzuri Luanda. Lakini juzi, siku ya kumzika baba, msiba ulikuwa kimya kama ofisi.

Zamani msiba wa Wanyamwezi haukwenda bila Wazaramo, watani wetu. Alipokufa babu walizuia jeneza mlangoni, wakadai halitoki mpaka wale pilau, na bibi akacheka machozi yakimtoka.

Safari hii Bi Mwanahawa, Mzaramo aliyetaniana na baba maisha yote, alikaa mkekani ameshika tama. Mama alikuwa hajalia wala kusema neno tangu asubuhi.

"Bi Mwanahawa, mtanie baba basi," nikamnong'oneza.

"Mwanangu, taa ile ya serikali inasikia. Nitafukuzwa nyumba."

Nikasimama. "Nyie Wazaramo mmefuata ubwabwa tu, hata kulia hamjui."

Watu wakaitazama taa. Bi Mwanahawa akanyanyuka polepole, akajifunga kanga kiunoni, akaliendea jeneza.

"Mnyamwezi gani huyu anabebwa? Si kazi yako kubeba mizigo ya watu? Shuka utembee, mvivu wewe."

Mama akacheka, kisha akalia.

Leo amekuja afisa na sauti zetu zilizonaswa na taa. Nimemwambia nilianza mimi, Bi Mwanahawa hana kosa. Anasema niwaombe radhi Waafrika wote, la sivyo ualimu wangu umekwisha.

Mimi pia ni Mwafrika, na baba yangu amezikwa vizuri. Radhi siombi.