Mama wa Kuazima

Msichana alikuwa ameazima viatu, mkoba na mama. Viatu vilimbana, mkoba ulikuwa mtupu, na mama alimtia wasiwasi kuliko vyote viwili.

"Ukijisahau ukaniita Fundi, tumekwisha," mama huyo alimwambia wakiwa bado nje ya geti. Alikuwa fundi cherehani wa sokoni, mnene, mcheshi, na sindano mbili alikuwa amezichomeka kwenye kola ya gauni lake. "Niite Mama. Na nikikugombeza, nuna kidogo. Mtoto asiyenuna anatiliwa shaka."

Wasichana wa makao ya watoto walimjua wote. Kila aliyefikia umri wa kuondoka alimwachia anayefuata siri hiyo: ukitaka chumba, nenda kwa fundi. Mwenyewe hakuwahi kuzaa, na ni wangapi alikuwa amewasimamia kama mama hakukumbuka. Sura zao zilimchanganya, ila kazi hiyo aliipenda kuliko kushona.

Na huyu wa leo alikihitaji chumba kweli. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa tayari kumpa kodi ya mwaka mzima ili asomee ufundi umeme bila kuhangaika, mradi apeleke mkataba wa chumba kabla ofisi haijafungwa jioni hiyo. Kitanda chake makaoni kilishapewa mwingine. Kila nyumba aliyokwenda peke yake walimkaribisha vizuri mpaka aliposema alikolelewa, hapo chumba kikawa kimeshachukuliwa.

Mwenye nyumba aliwapokea sebuleni bila hata kutabasamu. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, na sharti lake alilitaja kabla hawajaketi vizuri: hampangishi kijana asiye na mzazi, kwa sababu kijana wa namna hiyo akiharibu, utamshtaki kwa nani? Mkewe alikuwa kando anamenya viazi. Alimtazama fundi, akamtazama tena, kisu kikasimama.

"Hebu simama nikuone," mwenye nyumba alimwambia msichana.

Msichana akasimama, na kabla hajajizuia mikono yake ikanyooka mbele, viganja chini, vidole vimetanuliwa. Makaoni ndivyo walivyojipanga kila asubuhi kukaguliwa usafi. Fundi akafumba macho.

"Huyu anafanya nini?" mwenye nyumba akauliza.

"Si anakuonyesha kucha?" mkewe akadakia. "Ameona nyumba ni safi, anataka ujue na yeye ni msafi. Zitazame basi, baba watoto, mikono isije ikachoka."

Mwenye nyumba akazitazama kucha. Akamgeukia fundi. "Mbona hamfanani hata kidogo?"

"Amemfuata baba yake," fundi akajibu bila kupepesa. "Sura, miguu na uvivu wa kufua. Simama wima, wewe! Ndivyo nilivyokufundisha?"

Msichana akanuna. Alinuna vizuri mno, hata mwenye nyumba akaanza kumwonea huruma.

"Tena huyu nimemzaa kwa taabu," fundi akaendelea, sasa mambo yamemkolea. "Usiku wa dhoruba, paa limeezuliwa, maji yamejaa chumbani…"

"Na mkunga amekimbia," mke wa mwenye nyumba akasema, macho kwenye viazi.

Fundi akashtuka. "Umejuaje?"

"Nimekisia tu. Kwa mvua hiyo nani angebaki?"

Jasho lilimtiririka msichana mgongoni. Huyu mama anatutega, aliwaza. Mume ana kelele tu, mwenye akili ni huyu, na tayari ametujua.

"Na kutembea alianza lini?" yule mke akauliza tena.

"Miezi tisa."

"Mapema hivyo?"

"Alikuwa na haraka," fundi akasema. "Kama baba yake alivyokuwa na haraka ya kutuacha."

Mwenye nyumba akaangua kicheko mpaka akakohoa. Akanyanyuka, akawaongoza kwenda kukiona chumba, kile cha nyuma karibu na kamba za kuanikia nguo. Msichana alikipenda palepale. Kilikuwa na dirisha, kilikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani, na ndani yake hapakuwa na kitanda cha mtu mwingine yeyote. Alitamani kulia kwa furaha.

Fundi hakuwa na habari hiyo. Alifungua bomba, akalifunga, akalitolea macho. "Hili linavuja! Na kitasa kimelegea. Mwanangu alale hapa? Hapana, baba, kwanza mtengeneze!"

Msichana nusura azimie. Chumba kinapatikana, na mwanamke huyu anagombana na bomba!

Lakini mwenye nyumba alimvuta mkewe pembeni, akamnong'oneza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Huyu ni mzazi hasa. Wa kukodi angejali bomba?"

"Wewe huwezi kudanganywa, mume wangu," mkewe akamjibu kwa upole.

Mkataba ukatiwa saini juu ya meza ya viazi. Mwenye nyumba aliahidi kurekebisha bomba kwa mkono wake mwenyewe, akaagana nao, akarudi ndani kutafuta spana.

Mkewe aliwasindikiza. Getini alimpa msichana ufunguo, akageuka kuhakikisha mumewe hasikii, kisha akaukamata mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili.

"Ila Mama, leo umemwonea," akanong'ona. "Mbona huyu hukumlilia? Mimi, siku uliyonipeleka kupanga chumba changu cha kwanza, ulilia mpaka wakanipunguzia kodi."