Oili Nzito

Fundi Agnetha alichomoa kichujio kidogo kwenye injini, akakiinua juani. Mwanga haukupita. Kilikuwa kimezibwa na tope jeusi la oili.

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini gari la mzee, mteja wake, liliishiwa nguvu kwenye mlima wa kwenda hospitali ya Rubya, mkewe akiwa kiti cha nyuma anahema. Gari likipanda, oili nyepesi hupita kwenye kichujio hicho na kusukuma mtambo unaofanya valvu zifunguke mapema, injini ipate pumzi. Mzee alikuwa anajaza oili nzito ya trekta. Aliamini inailinda injini.

Mkewe alizikwa mwezi uliopita.

Mzee alikuja na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akamwekea fundi punje chache kiganjani, kama anavyopokewa mgeni nyumbani.

“Niambie, mwanangu. Ni mimi niliyeliharibu?”

Agnetha alikifunika kichujio kwa kitambaa. “Hapana, taata. Gari limechoka tu.”

Mzee alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Kisha akafungua buti, akatoa kidumu kipya cha oili ileile nzito na kukiweka miguuni mwa Agnetha.

“Basi nijazie hii. Mkwe wangu anakaribia kujifungua. Safari hii lazima tufike.”

Agnetha alikitazama kidumu. Punje za kahawa zilikuwa zimelowa jasho kiganjani mwake.

“Taata,” alisema, “hebu kaa kwanza.”