Heri Nihame Mimi

Sylvain alipiga meza ngumi. Kikombe cha shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, kikaruka, maziwa yakamwagikia miguu ya watu, na hakuomba msamaha.

“Rudilieni maneno yenu!” alifoka. “Mumwambie mbele ya macho yake!”

Nyirabagenzi alikuwa amesimama mlangoni, wanawe wamejibana nyuma yake. Kabla ya vita mumewe alichunga ng'ombe kwenye vilima vya juu ya Mweso. Sasa mume alikuwa marehemu, ng'ombe walikwisha kuliwa, na familia ililala chini ya shitingi ya plastiki kwenye kambi ya wakimbizi. Alikuwa ameomba jambo moja tu: “Muniache nirudie hapa kwetu.”

“Bantu ba kabila yake, hapana,” Bisengimana, mmoja wa majirani, alisema, akitazama ukuta. “Bakirudia, vita nayo itarudia.”

“Hawa batoto njo vita?” Sylvain aliuliza.

Semana, yule shefu, alimvuta Sylvain mkono wa shati, akanong'ona, “Papa Sylvain, achana na hii maneno. Tunafanya hivi kwa faida yako.”

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Faida yake! Alikumbuka siku aliyofika kutoka Bweremana na magunia yake ya sambaza, dagaa wa ziwani. Hakuna aliyemuuliza kabila. Sura yake ilitosha. Semana mwenyewe alimzungusha kartie nzima, akamwonyesha nyumba zilizokuwa tupu, wenyewe wamekimbia vita, akamwambia achague. Naye akachagua, kama mtu anayechagua viazi sokoni, hii ina baridi, hii ina baraza nzuri. Leo ndipo alipouona uzito wa wepesi ule, na aibu ikamzidishia hasira.

“Mimi mugeni, mulinipatia ruhusa ya kuchagua,” alisema. “Yeye alizala batoto hapa, munamufungia mulango. Basi musikie bote: heri nihame mimi, kuliko huyu mama arudishwe mu kambi!”

Bisengimana akainamisha kichwa. Nyirabagenzi akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika.

“Unasema kweli?” Semana aliuliza polepole.

“Mbele ya Mungu.”

Semana alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Basi. Arudie. Bote tumesikia.”

Sylvain alitoka akiwa bado anachemka, lakini kifua mbele. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba tupu iliyopakana na yake, akafagia, akang'oa majani mlangoni, akaleta maji.

Jioni Nyirabagenzi alifika na virago vyake kichwani. Hakuitazama nyumba ile iliyofagiliwa. Aliipita, akapanda barazani kwa Sylvain, akaweka mzigo chini, akamshika mikono yote miwili.

“Mungu akubariki, Papa,” alisema, machozi yakimtoka. “Sikuwaza kama muntu anaweza kukubali kuhama mwenyewe, aniachie hii nyumba yangu.”