Chumba cha Chini ya Bati

Bernadeta alipokaribia juu ya ngazi, mwanawe alimshika kiuno akamsukuma polepole, kama mtu anayepakia gunia la viazi. Ngazi yenyewe ilikuwa ya kuazima kwa fundi.

Huko darini, palipokuwa maskani ya panya, kijana alikuwa amepata chumba kizima bila kununua kiwanja kingine Kihonda. Alishindilia pumba za mpunga chini ya bati kuzuia joto, akafunga taa ya sola, akatoboa dirisha dogo. Dirishani milima ya Uluguru ilionekana yote, hadi ule mteremko ambao Bernadeta amelima mboga tangu usichana wake.

"Nimekujengea, mama," alisema mwanawe, akiwa bado amesimama kwenye ngazi. "Mlima umeshakushinda."

Machozi yalimlenga Bernadeta. Aligeuka ili akae kitandani, ndipo akaona karatasi imelazwa juu ya shuka jipya, na kando yake kidau cha wino kilichokwisha kufunguliwa. Hakujua kusoma, lakini hakuhitaji kusomewa.

"Shamba lile ni la ukoo, baba," alisema taratibu. "Wajomba zako hawajakaa kikao. Mimi siwezi kuliuza."

Mwanawe aliteremka, kisha miguu ya ngazi ikasikika ikikwaruza sakafu, ikiburutwa kuelekea mlangoni.

"Fundi anaitaka ngazi yake," alisema kutoka chini, kwa upole uleule. "Ukishaweka dole gumba, gonga tu, mama. Nitasikia."