Picha ya Mashine ya Kwanza

Kampuni ya uchapaji ilikuwa inatimiza miaka arobaini, na meneja alitaka picha ya siku ilipofika mashine ya kwanza ya kutenganisha rangi.

"Hawa mafundi waliogoma wafute, Bi Nyamizi. Abaki mkurugenzi."

"Kwani mashine ilijibeba yenyewe?"

"Dakika mbili tu, mama. Ukishindwa, wanaoitaka kazi yako wamejaa nje."

Alipoondoka, Bi Nyamizi alimkuza kwenye skrini Shomari, mmoja wa waliogoma, aliyemfundisha kushika filamu kwa kingo, akafukuzwa bila hata kuagwa. Alimwondolea vumbi na mikwaruzo usoni, taratibu, kama walivyofanya zamani kwa brashi juu ya meza ya taa. Kisha akahamia kwa mkurugenzi, akaanza kumfuta, kwanza kiatu cha kushoto.